Maswali ya wasomaji: paka na mbwa wanapopelekwa kupasuliwa

Barua za mwezi huu zimetoka Amu mjini, Shela, Matondoni na ng'ambo ya Mokowe, na karibu zote zinauliza habari za upasuaji. Tumezifupisha na majina tumeyahifadhi. Tumejibu kwa urefu pale tulipoona kwamba kinachoua ni makosa ya nyumbani wala si kisu.

Azae kwanza ndipo afungwe kizazi?

*Assalamu alaykum. Nina paka jike wa miezi sita. Wiki hii ameanza kulia usiku kucha na kujigaragaza, na mashume wamejaa ukutani. Nataka afungwe kizazi. Mama asema ni kumdhulumu, aachwe azae walau mara moja. Mimi ninachoogopa ni nusukaputi. Wanamfanya nini hasa? (Bi. M., Langoni)*

Waalaykumu salaam, Bi. M. Heshima ya mama iko palepale, lakini kuzaa mara moja hakuupi mwili wa paka faida yoyote. Faida iko upande wa pili: jike aliyefungwa kizazi kabla ya kutimiza mwaka, hatari yake ya saratani ya matiti hupungua sana, na uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi huwa wa aina mbaya. Ama upande wa dini, wako wanazuoni wanaoruhusu pakiwa na maslahi na mnyama asidhurike, na wako wanaozuia. Muulizeni shekhe mnayemwamini.

Paka hafanani na mbwa katika jambo hili. Yai lake hutoka anapopandwa. Asipopandwa, joto lake la kutaka dume hutulia siku chache kisha hurudi baada ya wiki mbili au tatu, na huku kwetu karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki, hurudi mwaka mzima. Mimba ni wiki tisa, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Kumpasua akiwa kwenye joto kunawezekana, ila mishipa ya kizazi huwa imejaa damu na nyama zake ni laini, huchanika upesi. Madaktari wengi husubiri siku saba hadi kumi baada ya kelele kutulia. Mpaka hapo asitoke nje, na mlango wa darini ufungwe.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, chakula cha mwisho ni saa nne. Maji aachiwe hadi alfajiri. Sababu ni kwamba dawa ya usingizi, hasa ile iitwayo zailazini, humtapisha paka, na chakula kikipanda akiwa hajitambui huingia mapafuni. Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua: bakuli la nyumbani limeondolewa, lakini paka katoka kidogo tu barazani akapata kichwa cha samaki kwa jirani. Mfungie chumbani au chooni usiku ule. Ukiona ametapika samaki asubuhi, au ukishuku amekula, mwambie daktari, kazi iahirishwe. Ila mtoto wa paka chini ya miezi minne asilazwe njaa usiku kucha, maana sukari ya mwili wake huisha upesi. Huyo hupewa chakula kidogo saa tatu au nne kabla.

Uzito nao usikisiwe. Dawa hupimwa kwa kilo, na kwa paka wa kilo tatu, kosa la nusu kilo ni kubwa. Kama huna mizani, mtie kwenye tenga lenye kifuniko, lipimwe na paka kisha tupu kwenye mizani ya samaki, utoe tofauti.

Sasa kisu. Akishalala hupakwa mafuta machoni, kwa kuwa chini ya dawa ya ketamini macho hubaki wazi na hukauka. Tumbo hunyolewa na kusuguliwa kwa klorheksidini au iodini mara tatu, kuanzia katikati kwenda nje, bila kurudisha pamba katikati. Mkato ni wa sentimita mbili au tatu chini ya kitovu, juu ya ule mstari mweupe ambapo misuli ya kulia na kushoto hukutana. Hapo hapana mishipa mingi. (Wengine hukata ubavuni, nako ni sawa.) Kizazi cha paka kina umbo la panda ya mti: shina moja na pembe mbili ndefu, na mwisho wa kila pembe ovari ndogo kama punje ya kunde. Daktari huvuta pembe ya kwanza kwa ndoana butu, hubana mshipa wa ovari kwa koleo, huufunga kwa uzi unaoyeyuka, hukata, kisha huuachia polepole akiutazama. Hapo ndipo mahali pa hatari katika kazi nzima: fundo likiteleza, mshipa hurudi ndani ukivuja. Pembe ya pili vilevile, kisha shina. Kufunga ni kwa tabaka tatu: ukuta wa misuli, mafuta, ngozi. Tabaka la misuli ndilo linaloshikilia tumbo, ngozi ni ya kufunika tu. Kwa mkono uliozoea, yote haya hayafiki nusu saa kwa paka mwenye afya.

Nusukaputi unayoiogopa ina hatari, lakini nyingi huzuilika. Kubwa ni baridi. Mnyama mdogo aliyenyolewa na kuloweshwa tumbo hupoteza joto upesi hata Lamu. Joto lake la kawaida ni digrii 38 hadi 39.2, na likishuka chini ya 37 atachelewa kuamka. Mkifika nyumbani asilazwe juu ya sakafu tupu. Mfunge kwa kanga, umwekee chupa ya maji vuguvugu iliyoviringishwa taulo, kwenye chumba chenye giza, chini, si kitandani wala ukutani, kwani anayumba ataanguka. Bakuli la maji lisiwe karibu mpaka asimame imara. Paka aliyelewa dawa huweza kuingiza pua majini asiweze kuitoa. Jioni mpe robo ya chakula chake cha kawaida.

Fizi zake zitazame kila saa usiku wa kwanza. Zikiwa za waridi, lala salama. Zikiwa nyeupe, akawa baridi na tumbo linajaa, fundo limeachia, na huyo hangoji asubuhi. Kidonda kitazame mara mbili kwa siku. Uvimbe mdogo mgumu kama haragwe chini ya mshono ni wa kawaida. Majimaji yanayonuka, mshono uliofunguka au kitu chekundu king'aacho kinachochungulia si vya kawaida. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Miezi baadaye akianza tena kulia kama zamani, huenda kipande cha ovari kilibaki, na itabidi kitafutwe.

Panadol kidogo tu

*Paka wangu amerudi jana kutoka kupasuliwa na anaonekana kuumwa. Naweza kumpa nusu ya kidonge cha Panadol? Na kidonda nikisafishe kwa dawa gani? (Msomaji, Mkomani)*

Usimpe, dada. Hata robo usimpe. Ini la paka haliwezi kuvunja parasetamoli kama la binadamu. Damu yake hubadilika ikashindwa kubeba hewa, fizi zikawa za kahawia au buluu, uso na nyayo zikavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kuua paka mzima. Ibuprofeni na diklofenaki huharibu figo na kutoboa tumbo, kwa paka na kwa mbwa pia. Dawa ya maumivu ipo, mara nyingi ni meloksikamu ya maji, na kipimo chake kwa paka ni matone. Umuombe daktari siku ileile kabla hujatoka kwake. Hiyo ni haki ya mnyama na hakuna haja ya kuona haya.

Mshono mkavu hausafishwi kwa kitu chochote. Ukichafuka, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe, panguza kwa pamba. Kaa mbali na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini: paka hulamba, na ndani yake ni sumu.

Kulamba kwenyewe ndiko kunakofungua mishono mingi. Kola ya koni ikikosekana, kata mguu wa suruali ya mtoto ya kitambaa cha kunyumbulika, toboa matundu manne ya miguu, mvishe kama fulana, ukiacha wazi sehemu ya haja. Kwa mbwa, ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako hufaa. Ukingo uzungushie kitambaa usimkate shingo, na funga kwenye mkanda wake.

Kuhasi shume

*Shume letu linapigana kila usiku na kukojolea mikeka. Likihasiwa litaacha? (Mzee A., Mtamwini)*

Mara nyingi litaacha, Mzee wetu, hasa likiwa bado changa. Lililozoea kwa miaka huweza kubakiza tabia kidogo. Kwa paka dume kazi ni ya dakika kumi: nywele za korodani hung'olewa kwa vidole, hukatwa mikato miwili midogo, kila korodani huvutwa, kamba yake hufungwa fundo juu yake yenyewe kisha hukatwa. Mikato haishonwi. Huachwa wazi ili majimaji yatoke, na ndani ya siku chache imejifunga. Kwa sababu hiyo, siku tano za mwanzo asitumie mchanga kwa choo. Mwekee gazeti lililochanwa, maana mchanga wetu huu mwembamba huingia kidondani. Kwa wiki nne hadi sita bado anaweza kutia mimba. Kabla ya yote daktari apapase ahakikishe korodani ni mbili. Moja ikiwa imebaki tumboni ni lazima ifuatwe huko, vinginevyo mikeka itaendelea kulowa na ile iliyobaki huweza kugeuka uvimbe.

Mbwa dume ni tofauti kidogo: mkato mmoja mbele ya mfuko, mishipa hufungwa kwa uzi kwa kuwa ni minene, na ngozi hushonwa. Mfuko ukivimba kama embe bichi siku ya kwanza au ya pili, mrudishe. Huyo karukaruka na damu imejaa ndani.

Ndoana na mshipi

*Sisi ni wavuvi. Paka wetu amekula chambo pamoja na ndoana, mshipi unamning'inia mdomoni kama shubiri mbili. Kaka yangu asema tuuvute taratibu. Mwaka jana mwingine alinaswa mdomo wa juu tukaivuta, ukachanika vibaya. Tufanyeje? (Ndugu H., Matondoni)*

Ndugu H., msiuvute. Na msiukate karibu na meno, kwani ukikatika mfupi atameza uliobaki na daktari atapoteza njia ya kuifuata ndoana. Fungeni ncha ya mshipi kwenye kitambaa cha shingoni ukiwa umelegea, asimeze zaidi wala asiukanyage. Asipewe chakula wala mafuta ya kumtapisha. Kutapika huikita ndoana kooni. Kisha mtieni kwenye tenga mwende siku hiyohiyo. Chuma huonekana kwenye eksirei, mshipi hauonekani. Kwa hiyo ulizeni kwa simu kabla ya kupanda boti kama kituo mnachokwenda kina mashine.

Ndoana ikiwa kwenye umio, daktari anaweza kupitisha mrija laini juu ya mshipi, akaisukuma mbele kijino kikaachia, na ikiingia tumboni ikatolewa kwa mkato wa tumbo. Tumbo hupona vizuri kuliko umio, ndiyo maana huisukuma chini badala ya kuirudisha juu.

Lakini adui mkubwa hapa ni mshipi wenyewe kuliko ndoana. Tuseme ndoana imekatika ukabaki uzi tu, au paka kameza uzi wa nyavu wenye harufu ya samaki. Ncha moja hunasa chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumbo, ncha nyingine imeshafika kwenye utumbo. Utumbo hufanya kazi yake ya kusukuma, uzi hauendi, basi utumbo hujikusanya juu ya uzi kama kanzu iliyoshonwa mishono mirefu ukavuta uzi mmoja. Kila msukumo, uzi uliokazwa hukata ndani ya mikunjo ile kama msumeno, mpaka utoboe. Uchafu wa utumbo ukimwagika ndani ya tumbo, nafasi ya kumwokoa hupungua mno. Dalili si kelele: anatapika, hali, amejikunyata, mgongo umeinuka. Mfungue kinywa, kwa kidole gumba sukuma juu katikati ya taya la chini, ulimi utainuka, utazame shina lake. Uzi mwembamba huwa umezama kwenye nyama, unaonekana kama mkato mwekundu tu.

Kupasua kwake huanza kwa kuukata uzi pale ulipojishika, kisha tumbo hufunguliwa, kisha utumbo mahali pawili au patatu, uzi ukatolewa vipande vipande. Anayetaka kuutoa wote kwa mvuto mmoja huumaliza utumbo uliokwisha kudhoofika. Kila tundu hushonwa kwa uzi mwembamba, mishono ikiachana milimita tatu hivi, halafu hutiwa maji safi ya chumvi kwa sindano kuona kama panavuja. Mkirudi nyumbani, siku ya tatu hadi ya tano ndizo za kuogopa, kwa kuwa ndipo mshono wa utumbo huachia. Alikuwa anakula vizuri, ghafla amekataa, ana homa, anatapika: mrudisheni usiku huohuo. Chakula kiwe laini na kidogokidogo, samaki wa kuchemsha asiye na mwiba.

Kwa ile ya mdomoni, kosa la mwaka jana lilikuwa kuirudisha ilikotoka. Kijino cha ndoana kimeundwa kuzuia hilo. Husukumwa mbele, itoboe ngozi itokee upande wa pili, kijino kikatwe kwa koleo la kukatia waya, ndipo kipande kilicho laini kirudi nyuma bila kuchana. Kufanya hivyo mnyama akiwa macho ni maumivu makubwa na mtaumwa vidole, kwa hiyo apewe dawa ya kulala kidogo. Na chambo chenye ndoana kisiachwe tena juu ya jahazi wala chini ya mkeka. Mfuniko wa debe unatosha.

Paka mweupe, masikio yana vigaga

*Paka wangu mweupe ana miaka saba. Ncha za masikio zimekuwa nyekundu, zina kigaga kinachotoka damu, kikipona kinarudi. Nimepaka mafuta ya nazi miezi mitatu. (Bi. Z., Shela)*

Bi. Z., acha mafuta umpeleke wiki hii. Ngozi nyeupe ya masikio haina rangi ya kuikinga, nywele pale ni chache, na paka wa Shela hulala juani ukutani tangu asubuhi. Jua la miaka mingi huanza kwa kufanya ukingo wa sikio uwe mwekundu na kupukutika, kisha ukingo hujikunja, kisha huja kidonda kisichopona. Hiyo mara nyingi ni saratani ya ngozi. Inaweza kuwa puani na kwenye kope vilevile. Tofautisha na upele, ambao nao huanzia kingo za masikio lakini humwasha mno ajikune hadi usoni; na utitiri wa ndani ya sikio, unaoacha uchafu mweusi kama mashapo ya kahawa.

Ikiwahiwa, dawa yake ni kuikata sehemu hiyo, na matokeo ni mazuri. Sikio la nje hukatwa pamoja na walau sentimita moja ya ngozi nzima kuzunguka kidonda, gegedu hupunguzwa kidogo zaidi ya ngozi ili ngozi ifunike na kushonwa juu yake. Ataonekana kama ana kofia, lakini atasikia kama zamani. Kipande kilichokatwa kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ukubwa wake, kipelekwe maabara waseme kama kingo ni safi. Daktari apapase na tezi za chini ya taya, kwani ikichelewa ndiko iendako.

Baada ya hapo akae ndani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Mafuta ya jua ya binadamu usimpake hovyo. Mengi yana zinki, naye atayalamba.

Mbwa anatoka damu

*Mbwa wangu dume wa kulinda shamba huko Hindi anadondosha damu sehemu za siri. Nimevuta ngozi nikaona nyama kama koliflawa. Ana kupe wengi. Ikatwe? (Baba K.)*

Baba K., kutokana na unavyoeleza, kuna uwezekano mkubwa ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, kwa kupandana au hata kwa kunusa na kulamba, na zikashika. Daktari hugusisha kioo juu yake na kutazama kwa hadubini ndipo athibitishe. Si wa kukimbilia kukata. Ukikatwa hutoka damu nyingi na mara nyingi huota tena. Dawa ni vinkristini, sindano moja kwa wiki, kwa kawaida kati ya nne na sita. Ni lazima iingie ndani ya mshipa: tone likimwagika nje, nyama ya mguu huoza. Kabla ya kila sindano damu ipimwe, kwa maana hupunguza chembe nyeupe. Kwa siku mbili baada ya sindano, vaa glavu ukigusa mkojo wake, na wajawazito na watoto wakae mbali. Uvimbe ukiisha, ahasiwe asiupate tena kwa njia ileile.

Kupe hao usiwapuuze. Ugonjwa wanaouleta, erlikia, hupunguza chembe zinazogandisha damu, na mbwa anayeonekana mzima huweza kuvuja damu mezani bila kukoma hata kwa kuhasiwa tu. Mgeuze tumbo utazame kama pana vidoadoa vyekundu kama vya kalamu, na fizi kama zimefifia. Akiwa nao, hupewa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, na kisu kisubiri isipokuwa cha dharura. Tungependa kila mbwa wa pwani apimwe damu kabla ya kupasuliwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kumpoteza.

Anakunywa maji sana, tumbo limejaa

*Mbwa wangu jike wa miaka minane, kilo 20, hudungwa sindano ya kuzuia joto. Alikuwa kwenye joto wiki sita zilizopita. Sasa hali, anatapika, anamaliza ndoo ya maji, tumbo limejaa. Si mimba? (Msomaji, Mokowe)*

Ndugu, ukisoma hapa na hajatibiwa, mpigie daktari sasa. Joto wiki nne hadi nane nyuma, jike la makamo, kiu na kutapika: hizo ni dalili za usaha ndani ya kizazi. Ukiona uchafu unatoka nyuma, mlango wa kizazi u wazi na unazo saa chache zaidi. Usipoona, umefunga na ni hatari zaidi, unaweza kupasukia ndani. Usilibonyeze tumbo. Kuhusu kiu, mbwa wa kilo 20 akipita lita mbili kwa siku amezidisha. Pima kwa chupa useme namba.

Huwekewa dripu na antibiotiki kwanza, kwa saa chache, kwani mwenye sumu mwilini akilazwa bila maji huenda asiamke. Halafu hupasuliwa siku hiyohiyo. Kazi ni ile ya kufunga kizazi, ila pembe ambazo zilikuwa kama kalamu sasa ni nene kama mkono, zimejaa, ngozi yake nyembamba. Hubebwa kwa viganja, hazivutwi. Vidonge pekee mara nyingi huchelewesha tu. Ile sindano ya kuzuia joto ni ya homoni, nayo huongeza uwezekano wa ugonjwa huu na wa uvimbe wa matiti. Kwa anayetaka jike asizae, kufunga kizazi mapema ni salama kuliko kumdunga kila mara.

Fundi wa wembe

*Kuna mtu anahasi paka kwa wembe bila ganzi, kwa bei ndogo. Kuna ubaya? (Msomaji, Amu)*

Kuna ubaya na kuna sheria. Sheria ya madaktari wa mifugo ya Kenya ya mwaka 2011 inataka anayepasua awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu upasuaji usio na uangalifu na huruma kuwa kosa. Muombe cheti chake cha mwaka huu. Aliye nacho hakasiriki. Muulize pia vyombo vyake vinachemshwaje, atatumia dawa gani ya usingizi, na nani atamtazama paka hadi aamke.

Ncha ya sikio

*Nimeona paka wa mtaani mwenye ncha ya sikio la kushoto iliyokatwa sawasawa. Nani kamfanyia ukatili huo? (Mwanafunzi, Lamu)*

Mwanangu, huo si ukatili. Ni alama inayotumika nchi nyingi kuonyesha kwamba paka asiye na mwenyewe ameshafungwa kizazi au kuhasiwa. Hukatwa sentimita moja au chini yake, kwa mstari ulionyooka, akiwa bado amelala kwa nusukaputi, na ukingo hubanwa kidogo damu isitoke. Sikio lililochanwa na ugomvi huwa na mapengo na makovu, hili hunyooka kama lililopimwa kwa rula. Mkiwakusanya paka wa mtaa kuwapeleka kwa daktari, aliye na alama hiyo mwacheni aende zake, nafasi yake kwenye tenga apewe mwingine.